Babu Ana Mafua Tena

Machi 3

Mke wangu amechoka kunisikiliza. Asubuhi alikuwa anavaa viatu aende kazini kwake, kwenye jiko la wafanyakazi wa kiwanda, mimi nimesimama mlangoni namwaga ya moyoni, akaniambia, "Malalamiko yako yaandike mahali. Mimi masikio yangu yamejaa." Basi naandika.

Malalamiko ya leo ni haya: mvua zimeanza, paa la mashineni linavuja palepale pa mwaka jana, na mwalimu wa binti yangu ananiita shuleni.

Machi 4

Nimekwenda shuleni na unga kichwani, sikupata hata nafasi ya kujipangusa. Mwalimu wa darasa la kwanza ni dada mpole, lakini leo alikuwa amekunja uso.

"Baba, binti yako ametia pamba masikioni. Nikimwita, hana habari. Nikisema fungueni kitabu, anasubiri aone wenzake wamefungua wapi. Imla ndiyo usiseme, ukurasa mweupe."

"Nyumbani hayuko hivyo, mwalimu. Nyumbani ni mwepesi ajabu."

Na si uongo. Sisi tunaishi na mashine ya kusaga nafaka, ukuta kwa ukuta. Ilikuwa ya mama mkwe kabla sijaoa, na mpaka leo ni yake. Mimi namimina na kusaga, yeye yuko kwenye mizani. Mashine ikinguruma hakuna neno linalopita, kwa hiyo tunasemezana kwa mikono. Kidole kimoja juu: mimina. Kiganja chini: zima. Vidole viwili vikisuguana: laini zaidi. Binti yangu ana miaka sita, na akitoka shule hukaa kati yetu kupitisha habari, hakosei hata siku moja. Wateja wanampenda. Humu ndani jina lake ni Babu, kwa sababu tangu akiwa mchanga anakoroma kama mzee aliyeshiba. Nami wananiita Baba Babu.

Mwalimu hakucheka. "Muhula ukiisha yuko vilevile, itabidi tumpeleke shule ya watoto wazito wa kuelewa. Darasa limejaa, baba. Siwezi kuwasimamisha wote nimsubiri mmoja."

Jioni nikampa Babu vidonge vyake. Nilisema mpaka koo likakauka. Alinitazama mdomoni mwanzo mwisho, bila kupepesa, nikaona angalau ana adabu.

Machi 6

Mvua. Babu ana mafua.

Machi 9

Mke wangu ameanza. "Huyu mtoto hasikii."

"Anasikia akitaka."

"Jana nimemwita aje kula, niko nyuma yake hapo, hakugeuka."

"Ulimwita kwa sauti ya mtu aliyechoka," nikamwambia, "hata mimi nisingegeuka."

Lakini ili yaishe, nikasema nitampima. Nilisubiri mashine izimwe. Babu alikuwa amesimama pekupeku kunipa mgongo, anachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Nikachukua jiwe la mizani, lile la kilo tano, nikaliachia sakafuni nyuma yake. Akageuka halijatulia.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. Nilijiona daktari kabisa.

Machi 13

Mvua kutwa. Wateja wawili watatu, na mahindi yao mabichi yanaziba chujio, kila mara nafungua nagongagonga. Mafua ya Babu hayajaisha. Kamasi si ya maji tena, imekuwa nzito kama gundi. Mama mkwe anamfuta kwa upindo wa nguo yake na kunionyesha kwa mikono kwamba watoto wote wako hivyo msimu huu. Mama mkwe haongei sana kwa mdomo. Masikio yake yaliliwa na mashine siku nyingi, na mtu akimsemesha pembeni hujifanya hamnazo. Nimeishi naye miaka yote hii na bado sijui kama ananipenda.

Machi 16

Mota imeungua. Ilitoa moshi na harufu kali, nikapiga kiganja chini, Babu akapiga kiganja chini, mama mkwe akakata umeme. Baada ya hapo kimya.

Nilikuwa sijui nyumba yetu ina sauti. Nilisikia maji yanadondoka kwenye ndoo. Nilisikia redio ya jirani. Kisha Babu akapitiwa na usingizi juu ya magunia matupu, mdomo wazi, nikasikia pumzi yake. Alikoroma, akakoroma, halafu akanyamaza. Nikadhani ameamka. Nikamtazama. Kifua kinavutwa ndani, mbavu zinaonekana, na hakuna hewa inayoingia. Nikaweka spana chini. Kisha akashtuka kama aliyetolewa majini, akavuta pumzi kwa nguvu, akaendelea kukoroma. Baada ya muda ikawa vilevile.

Jambo hili ndilo tulilolicheka miaka yote. Tumelipa mpaka jina.

Alipoamka akatoka uani kuchezea matope. Nikasimama mlangoni, yeye amenipa mgongo. Nikamwita kwa jina la nyumbani, sauti ya kawaida. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikapaza sauti yangu yote, ile ninayoitumia mashine ikiwa inanguruma. Aliyegeuka ni mama mkwe, huko aliko kwenye ngazi, yeye mwenye masikio mabovu kuliko sisi sote. Babu akaendelea kukandika matope yake. Ni mpaka alipomwona bibi yake ameinua kichwa ndipo naye akafuata macho yake, akaniona, akatabasamu.

Mke wangu aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Hakunisimanga. Heri angenisimanga.

Machi 20

Hospitali, kitengo cha masikio, pua na koo. Benchi ndefu, watoto wanalia, kila mmoja ameshika sikio lake.

Daktari ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Alimwangalia Babu kabla hajamgusa. "Mdomo huu huwa wazi siku zote?" Siku zote. "Analala akiinua kidevu juu?" Anainua. "Anaamka amechoka?" Mimi na mke wangu tukatazamana. Sote nyumbani tunaamka tumechoka, nani angejua.

Wakamwingiza kwenye kijichumba chenye kioo, wakamvika visikizio, wakampa kitufe cha kubonyeza akisikia sauti. Kwenye meza ya mpimaji kuna taa ndogo ya kijani inayowaka kila akipeleka sauti. Iliwaka. Babu ametulia. Ikawaka tena. Babu anatazama viatu vyake. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi mbele za watu.

Daktari alitueleza polepole. Nyuma ya pua, juu ya koo, kila mtoto ana vinyama. Vya Babu vimevimba mpaka vimeziba njia ya hewa, ndiyo maana anakoroma na pumzi inakatika. Vimeziba pia kijia chembamba kinachopeleka hewa ndani ya sikio. Basi nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa ute mzito, na ngoma haitikisiki. Anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji ya kuoga, huku watu wanaongea nje.

"Lakini mimi nilimpima, daktari," nikasema. Nikamweleza jiwe la mizani.

"Sakafu ya mashineni ni ya nini?"

"Mbao."

"Alikuwa amevaa viatu?"

Alikuwa pekupeku; kishindo cha jiwe kilimfika kwa nyayo, si kwa masikio.

Alisema ute peke yake angeusubiri miezi mitatu, mara nyingi hukauka wenyewe. Lakini hiyo pumzi inayokatika usingizini haipendi. Atavitoa vile vinyama na kuweka kijibomba kidogo kwenye kila ngoma ya sikio, ute utoke na hewa iingie. Tarehe ni Alhamisi ya kwanza ya Aprili. Sharti moja: mtoto asiwe na mafua, maana dawa ya usingizi na kifua kibichi havipatani. Na vumbi la unga asilione kabisa.

Machi 21

Nimempelekea mwalimu karatasi ya daktari. Alisoma mara mbili, akakaa. "Na mimi nilikuwa naandika ubaoni huku nasema," akaniambia, "nimewapa mgongo." Amemhamishia Babu dawati la mbele. Lakini mtihani wa mwisho wa muhula uko palepale, hilo haliko mikononi mwake.

Machi 22

Mota imerudi. Nimemweleza mama mkwe kwamba Babu haingii tena mashineni. Nilieleza kwa mdomo na kwa mikono. Akauliza kwa mikono: na mimi je? Nikadhani anauliza nani atamsaidia kwenye mizani. Nikamwambia, nitapiga mbio mwenyewe, mama, usijali.

Machi 28

Mvua. Babu anakaa chumbani na mlango umefungwa. Mama mkwe amekosea mizani, mteja akagomba, mimi nikaomba radhi.

Machi 31

Babu ana mafua.

Aprili 2

Tulikwenda hivyo hivyo, roho juu, tukijidanganya ni kamasi kidogo tu. Mtaalamu wa dawa ya usingizi aliweka chombo kifuani mwa Babu, akasikiliza mgongoni, akatikisa kichwa. "Rudini baada ya wiki mbili." Babu alikuwa hajala tangu jana kwa ajili ya upasuaji. Alikula mkate njiani bila kusema neno, akiniangalia mdomoni nisije nikasema jambo likampita.

Nimechoka. Sina lingine la kuandika.

Aprili 8

Hakuna mafua. Mvua ipo.

Aprili 11

Hakuna mafua. Mke wangu anampima joto la kipaji cha uso kwa shavu lake kila anapopita. Babu sasa anakimbia akimwona.

Aprili 14

Leo nimekosana na mama mkwe, na nitaandika yote kwa sababu sijui nani ana haki.

Nilikwenda kununua mkanda mpya wa mashine. Foleni ndefu, mvua, nikachelewa. Kurudi nakuta mashine inanguruma kwa ule mkanda wa zamani, mteja mmoja anamimina, mama mkwe yuko kwenye mizani, na katikati yao, juu ya gunia, mweupe kuanzia nywele mpaka kope, yuko Babu. Kidole juu, kiganja chini, wanacheka. Babu akaniona. Akapiga chafya.

Nilizima mashine. Nikamfokea mama mkwe mbele ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamwambia, "Mama, unataka mtoto awe kiziwi kama wewe?" Nilisema kwa sauti kubwa na nikageuka usoni kwake makusudi, ili asikose hata neno.

Hakukosa. Aliweka jiwe la mizani taratibu mahali pake, akajifuta mikono, akaingia ndani.

Jioni mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unajua mama alikuwa mwimbaji?" Sikujua. "Kabla ya mashine. Akiimba watu wanasimama. Sasa watu wakimsemesha anaogopa kujibu ovyo, kwa hiyo hajibu. Huyo mtoto ndiye mtu pekee anayemsemesha siku nzima. Wewe unamwambia mimina, zima. Babu anamhadithia."

Nikasema hilo halimpi ruhusa.

"Halimpi," akasema. "Nimekwambia tu."

Aprili 15

Babu ana mafua. Nimepiga simu hospitali. Wiki mbili nyingine.

Aprili 17

Mashine haina kazi leo asubuhi, wateja wamezuiwa na mvua. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mota natia grisi, mama mkwe hakujua nipo. Alisimama kwenye mizani tupu. Mikono yake ilianza kwenda: kidole, kiganja, kisha ishara nyingi ambazo mimi sizijui, ndefu, kama mtu anayesimulia safari. Akacheka mwenyewe mwishoni. Akaangalia pale kwenye gunia, pakawa hapana mtu, akashusha mikono.

Nilibaki nyuma ya mota mpaka alipoondoka, na grisi ikanidondokea kwenye suruali. Niliona haya.

Aprili 18

Nimetoa gunia moja tupu, nimelikung'uta mbali, nimelifua. Nimelitandika kwenye ngazi ya uani, upande ambao upepo hauleti unga. Mchana nikamwonyesha mama mkwe: wewe na Babu, hapa, mimi nitapima mwenyewe. Akasuguanisha vidole viwili usoni pangu. Laini zaidi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Aprili 22

Kupima na kusaga peke yangu ni adhabu. Mgongo umekwisha. Hakuna mafua.

Aprili 26

Hakuna mafua. Mtihani wa muhula ni wiki ijayo, na mwalimu ametuma salamu. Amesema kama mtoto akipasuliwa sasa, atampa mtihani peke yake baada ya kupona, mwalimu mkuu amekubali. Nimezipokea salamu hizo kama mtu aliyepewa maji.

Aprili 29

Hakuna mafua. Natembea kwa ncha za vidole, kana kwamba mafua yananisikiliza.

Aprili 30

Wamempokea.

Mtaalamu wa usingizi alisikiliza kifua, mbele na nyuma, akasikiliza tena. Akasema, "Safi." Mke wangu akasema "safi?" kama mtu asiyejua neno hilo.

Mama mkwe alikuja nasi, hakuna aliyemwalika. Alivaa viatu vyake vya kutokea na akapanda kitandani karibu na mjukuu kana kwamba yeye ndiye anayepasuliwa. Muuguzi alipokuja kumchukua Babu, Babu akashika bega la bibi yake. Hakulia. Aliuliza jambo kwa mikono. Mama mkwe akajibu kwa mikono, fupi. Babu akaachia, akaenda.

Nikamuuliza mama mkwe, nikiwa nimemkabili, mdomo wangu wazi vizuri, "Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama huko ndani kuna kelele," akasema kwa mdomo wake, sauti ya chini iliyokwaruza. "Nimemwambia hakuna. Nimemwambia ni kama chumbani mlango ukifungwa."

Tulikaa benchini. Mke wangu aliomba dua. Mimi nilihesabu vigae, nikasahau, nikaanza upya. Niliwaza mambo mabaya ambayo siyaandiki. Mama mkwe alinisogelea, akaweka kiganja chake juu ya goti langu lililokuwa linatetemeka, kiganja chini. Zima. Nikalizima.

Daktari akatoka, barakoa shingoni. "Vimetoka vyote. Vilikuwa vikubwa. Masikio yote mawili yalikuwa yamejaa gundi tupu." Mke wangu akalia hapo hapo, kwa sauti. Mimi nikasema asante nyingi sana, mpaka daktari akanionea huruma, akaondoka.

Mei 1

Tumerudi nyumbani. Babu anaonja uji wa vuguvugu na kukunja uso, koo linauma. Masikioni maji hayaruhusiwi kuingia. Mchana alilala. Nilikaa karibu. Mdomo umefungwa. Hakuna kukoroma, hakuna kukatika, pumzi inaingia na kutoka puani tu. Niliinama mara kadhaa kuhakikisha yupo.

Alipoamka nikamwambia, "Amka mama, unywe dawa." Akaruka, akarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka.

"Baba, umekasirika?"

"Sijakasirika."

Akaziba masikio kwa viganja. "Mbona unanifokea?"

Mke wangu akaja mlangoni. Nilitaka kusema kwamba hii ndiyo sauti yangu, sina nyingine, nimeipata mashineni. Lakini hata hilo ningelisema kwa kufoka. Nikatoka nje. Nimejaribu kusema chini kwa chini peke yangu huko uani, jirani akachungulia kuona nasema na nani.

Mei 4

Amefanya mtihani. Mwalimu alikaa mbele yake.

Mei 5

Babu amechungulia mashineni nikiwa nasaga, akakimbia analia. Hajui jinsi tulivyokuwa tunakaa humo. Mama mkwe alimfuata uani. Sikuzima, wateja walikuwa wengi, ila kazi yote niliifanya nikiangalia mlango.

Mei 9

Mvua zimepungua. Nimenunua vizibo vya masikio, vyangu na vya mama mkwe. Vyake amevitazama, akanirudishia, akanipigapiga bega. Vya nini tena, alimaanisha.

Mei 12

Amefaulu. Si kwa kishindo, amefaulu tu. Anabaki darasani kwake. Mwalimu amesema leo Babu alimsahihisha mwenzake aliyekuwa nyuma yake, bila kugeuka.

Mei 14

Kurudi kwa daktari. Wote wanne.

Babu aliingia kwenye kijichumba cha kioo kama mwenye nyumba. Taa ikawaka, akabonyeza. Ikawaka, akabonyeza. Mpimaji akashusha sauti mpaka mimi nikaona anamwonea, na bado alibonyeza. Alipotoka hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake, akamshika mkono, akamvuta.

"Na bibi," akamwambia mpimaji. "Bibi hajawahi kupimwa."

Mama mkwe akakataa kwa mikono yote miwili. Babu akavuta. Mpimaji akatuangalia, akasema wagonjwa wake wa leo wamekwisha, haina neno. Basi mama mkwe akaingia na viatu vyake vya kutokea, akakaa kwenye kiti cha watoto, visikizio vikamkandamiza kilemba.

Taa ikawaka. Akabonyeza. Ikawaka tena. Akabonyeza. Nikashangaa, moyo ukaanza kunidanganya. Ndipo mpimaji akacheka kidogo, akaonyesha kwa kidevu. Babu alikuwa amesimama mbele ya kioo, macho kwenye ile taa, na kila ikiwaka alikuwa anainua kidole kimoja. Mimina. Na bibi yake, ndani, anamwangalia yeye tu.

"Geukia ukutani huku, mwanangu," mpimaji akamwambia kwa upole. "Usimwangalie bibi."

Babu akageuka. Akatugeuzia mgongo sote, mimi na kioo, akaweka kipaji cha uso ukutani. Taa ikawaka. Ikawaka. Mama mkwe alikuwa amekishika kile kitufe kwa mikono miwili, anasubiri, anatabasamu, anatuangalia mmoja mmoja usoni atafute ni lini abonyeze.

"Baba," Babu akauliza ukutani, "amebonyeza?"

Nilikuwa nyuma yake, mbali kidogo. Nikashusha sauti mpaka mwisho ninaoujua.

"Bado, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kwamba amenisikia, na hakugeuka.